Treni haina usukani: dereva wa treni ya chini ya ardhi hufundishwa nini miezi yote hiyo?

Mwalimu wa Pasua (Moshi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha kidato cha pili somo la mwendo, nikatoa mfano wa mdogo wangu anayeendesha treni ya chini ya ardhi jijini New York, na nikataja kwamba alikaa mafunzoni kwa miezi mingi kabla ya kukabidhiwa abiria. Mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, treni haina usukani, reli ndiyo inayoiongoza. Sasa miezi yote hiyo alikuwa anajifunza nini?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilohilo nilimuuliza mdogo wangu kwa simu alipoanza mafunzo, na jibu lake lilinichukua muda mrefu kulielewa. Nimemwahidi kijana yule jibu kamili. Kwa kuwa humu wamo wazazi ambao watoto wao wameanza kuitamani kazi hii tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nimeona niliandike hapa.

Kwa kifupi, anajifunza kusimama.

Basi linalotoka Moshi kwenda Arusha lina matairi ya mpira yanayong'ang'ania lami, kwa hiyo dereva akiona ng'ombe wanavuka pale Bomang'ombe anaweza kukanyaga breki, na pengine kuwakwepa. Gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma, na sehemu inayogusana na reli ni ndogo kama sarafu. Ulaini huo ndio unaoiwezesha treni kuvuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo, na ndio huohuo unaomnyima dereva breki ya ghafla. Tulipiga hesabu ubaoni: treni iliyo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ikipunguza kasi kwa mita 1.3 kwa sekunde katika kila sekunde, hutumia mita 190 hivi hadi kusimama. Ikiwa katika kilomita 40 hutumia mita 48 tu. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama huzidi mara nne. Hiyo ni reli kavu. Ikilowa, umbali unarefuka.

Sasa ongezeni giza, na ongezeni kona ambayo nyuma yake huenda kuna treni nyingine imesimama. Katika sehemu nyingi za handaki, umbali anaoweza kuona dereva ni mfupi kuliko umbali anaohitaji ili asimame. Hawezi kuendesha kwa macho peke yake. Anaendesha kwa kile anachokijua kabla hajakiona, na kukijua huko ndiko kunakokula miezi.

Mdogo wangu alianzia kwenye udereva wa basi la jiji hilohilo. Nafasi ya udereva wa treni kule hupatikana kwa mtihani wa ushindani: waliofaulu hupangwa kwa alama zao na kuitwa kwa kufuata orodha kadiri nafasi zinavyojitokeza, na mtu anaweza kufaulu leo akaitwa baada ya miaka. Upo mtihani wa watu wa nje, na upo wa kupanda cheo kwa walio ndani, kama makondakta na madereva wa mabasi. Hufuata vipimo vya afya, vya macho na vya kutofautisha rangi, pamoja na kipimo cha pombe na dawa za kulevya. Hicho cha mwisho hakina mzaha, na hakupaswi kuwa na mzaha, kwa maana tarehe 28 Agosti 1991 treni iliacha reli karibu na kituo cha Union Square, watu 5 wakafa, na ikathibitika kwamba dereva alikuwa amelewa.

Siku za mwanzo za mafunzo alifundishwa kutembea. Naandika hivyo nikiwa na maana hiyo hasa. Kando ya reli mbili zinazobeba magurudumu kuna reli ya tatu inayobeba umeme wa volti 625, na dereva ambaye treni yake imekwama hulazimika kushuka humo gizani. Reli hiyo imefunikwa kwa ubao, lakini ubao si wa kukanyagwa: unainua mguu na kuivuka kabisa. Anafundishwa pia kusoma kuta. Zipo sehemu zilizochimbwa ndani ya ukuta ili mtu ajibanze treni inapopita, na zipo sehemu zilizopakwa mistari myekundu na myeupe, ambayo maana yake ni kwamba hapo hapana nafasi ya mwili wa mtu. Treni ikikukuta hapo huna pa kwenda.

Kisha inakuja treni yenyewe. Treni yetu ya Moshi huvutwa na kichwa cha dizeli, lakini ile haina kichwa. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa, na zote hutii mpini mmoja ulioko kwenye chumba cha dereva mbele, kwa ufundi uliobuniwa na mhandisi Frank Sprague kwa ajili ya reli ya Chicago mwaka 1897. Raha yake ni kwamba treni huondoka kwa nguvu kutoka kila kituo. Taabu yake ni kwamba hitilafu inaweza kuwa kwenye behewa lolote kati ya 10, na mwanagenzi hufundishwa kulitafuta hilo moja huku abiria wamesimama wamebanana na treni nyingine ziko nyuma yake zinasubiri. Mpini nao una sharti lake: mkono wa dereva ukiuachia treni ikiwa inakwenda, breki hukamata zenyewe, ili dereva akizimia treni isiendelee bila mtu.

Kusimama kituoni ni somo la peke yake. Treni ya mabehewa 10 katika njia zinazotambulika kwa herufi ina urefu wa mita 183 hivi, na jukwaa huenda limezidi hapo kidogo tu. Kuna vibao vyenye namba kuonyesha chumba cha dereva kisimamie wapi kulingana na wingi wa mabehewa. Akipungukiwa, milango ya nyuma itafungukia handakini. Kwa sababu hiyo kondakta, ambaye hukaa katikati ya treni, hutakiwa tangu mwaka 1996 kunyoosha kidole kwenye ubao wa mistari myeusi na myeupe uliotundikwa jukwaani kabla ya kufungua milango. Kama ubao hauko mbele yake, treni haikusimama mahali pake. Desturi ya kunyooshea kidole kitu ili akili iamke imetoka kwa watu wa reli wa Japani. Nimeanza kuitumia maabara, wanafunzi wanapofunga koki za gesi.

Kuhusu taa nitaandika baadaye jioni, maana hapo ndipo mdogo wangu alipotokwa jasho.

Kijana wa Majengo (Moshi)

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwa makini. Nimewahi kusikia kwamba katika reli za chini ya ardhi kuna mtambo unaoisimamisha treni yenyewe iwapo dereva atapita taa nyekundu. Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini dereva alazimike kukariri njia nzima wakati mtambo unamlinda?

Mwalimu wa Pasua (Moshi)

Marahaba, kijana. Mtambo upo, na umeniwahi kwenye habari ya taa, basi niziunganishe.

Pembeni ya reli, kwenye kila taa ya ishara, kuna mkono wa chuma. Taa ikiwa nyekundu mkono huinuka. Treni ikipita, mkono hugonga koki iliyo chini ya behewa, upepo wa breki hutoka wote, na treni hujifunga. Lakini kufunga breki na kusimama ni vitu viwili, na kati yake kuna zile mita tulizozihesabu ubaoni. Tarehe 5 Juni 1995, kwenye daraja la Williamsburg huko New York, treni moja ilipita taa nyekundu. Mkono ulifanya kazi yake na breki zilikamata. Hata hivyo treni iliigonga nyingine iliyokuwa imesimama mbele, na dereva wake akafa. Wachunguzi walikuta kwamba nafasi kati ya taa ilipangwa mwaka 1918, wakati treni zilikuwa fupi zaidi, nyepesi zaidi na za mwendo mdogo zaidi. Treni zilibadilika, nafasi ikabaki ileile. Mimi kama mwalimu wa fizikia huona kisa hicho ni somo kamili la mwendo, ila kimelipiwa na mtu.

Taa zenyewe si tatu kama za barabarani pale mjini. Kwenye makutano ya njia, taa hupangwa mbili, moja juu ya nyingine: ya juu inaeleza hali ya njia iliyoko mbele, ya chini inaeleza unaelekezwa upande gani. Kijani juu ya kijani, endelea kwenye njia kuu. Kijani juu ya njano, unachepushwa, kwa hiyo punguza hadi mwendo unaofaa kwa mchepuko. Nyekundu juu ya nyekundu, simama na ubaki hapo. Kuna nyingine ambazo huwa nyekundu unapozikaribia na hufunguka iwapo tu umekuja kwa mwendo ulioandikwa kwenye kibao. Mdogo wangu aliniambia kwamba kuisogelea taa nyekundu ukiamini itafunguka, huku mkono ukiwa tayari kufunga breki, kulimnyima usingizi wiki nzima. Hayo hujifunza kwanza darasani, kisha kwa kupanda na madereva wazoefu, njia baada ya njia. Aliyefuzu njia moja hahesabiwi kuwa anaijua nyingine.

Kwa nini akariri? Mwezi Mei 1993 kijana wa miaka 16 aliyependa treni kupita kiasi, aliyekuwa amejisomea vitabu vya kazi hiyo, alijifanya dereva akakabidhiwa treni ya njia ya A, akaiendesha kwa zaidi ya saa tatu, akisimama vituoni na kubeba abiria. Hakuna aliyeumia. Kilichomkamatisha ni kona: aliiingia kwa mwendo uliozidi, breki za dharura zikakamata, wakubwa wakaja kuangalia. Mpini alikuwa anaujua. Njia hakuwa ameijua sawasawa.

Na hiyo ni mara iliyokwisha salama. Tarehe 1 Novemba 1918 huko Brooklyn, sehemu ya jiji hilohilo la New York, madereva waligoma, na kampuni ikamweka kwenye mpini mfanyakazi wa ofisini wa kupanga treni, ambaye alikuwa ametoka kuugua mafua ya mwaka ule, hakuwa na mafunzo yaliyokamilika, na njia ile hakuwa na uzoefu nayo. Jioni, treni ikiwa imejaa watu wanaorudi makwao, aliteremka mlima na kuingia kona kali ya kuelekea handaki la Malbone Street. Kona iliruhusu maili 6 kwa saa, sawa na kilomita 10 hivi. Yeye aliingia kwa mwendo unaokadiriwa kuzidi maili 30. Mabehewa ya mbao yalipasuka kwenye ukuta wa handaki, na watu wasiopungua 93 walikufa. Jina la mtaa lilichukiwa kiasi kwamba sehemu yake kubwa ilipewa jina jingine, Empire Boulevard. Sidhani kama ni haki kumtwika yule mfanyakazi peke yake. Aliyemkabidhi mpini alijua kwamba hajafundishwa.

Kijana, nikipata mtu anayeniambia kwamba mafunzo ya miezi ni urasimu, humsimulia Malbone Street.

Mstaafu wa Reli (Moshi)

Wanangu, nimeusoma uzi huu mara mbili na nashukuru kwamba Mwalimu ameandika kwa uangalifu. Mimi niliendesha treni za dizeli kwenye reli yetu ya mita, yaani ile ya zamani yenye upana wa mita moja, na handaki la mjini sijawahi kuingia, lakini hicho anachokiita kuijua njia ndicho kilichokuwa kazi yangu tangu nilipokaa kiti cha msaidizi.

Reli hii ilifika Moshi mwaka 1911 wakati wa Wajerumani, na Arusha mwaka 1929 wakati wa Waingereza. Ni njia ya zamani, ina kona zake na miinuko yake. Dereva aliyenifundisha alikuwa na kawaida ya kunifumbisha macho kwa dakika moja tukiwa tumetoka Same, kisha ananiuliza tuko wapi. Nilitakiwa nijibu kwa mlio wa magurudumu: hapa tunapita daraja, hapa tumeingia kwenye mkato wa mlima, hapa kichwa kimeanza kuvutwa na mteremko. Nilipokosea hakunikaripia, alisema tu "bado," na mwezi mwingine ukapita. Wakati ule nilimwona mgumu. Baadaye nilipopita palepale usiku wa mvua bila kuona hata nguzo za kando, nilimwombea dua.

Niongeze neno kuhusu breki, kwa kuwa vijana huzifikiria kama za gari. Breki ya upepo ya treni, ile iliyotokana na ufundi wa George Westinghouse wa mwaka 1872, ni kinyume na mtu anavyodhani. Upepo ukiwa umejaa kwenye bomba linalopita mabehewa yote, breki imeachia. Upepo ukitoka, breki inakamata. Bomba likikatika, treni hujifunga. Ni ubunifu wa heshima kubwa, lakini unahitaji bomba liwe limeungwa sawasawa na kila behewa liwe linaitikia, na ndiyo maana kabla ya kuondoka lazima pafanyike jaribio la breki, mtu akitembea hadi behewa la mwisho kuhakikisha kwamba linakamata na linaachia.

Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni bila breki za kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 walikufa. Nilikuwa bado kazini. Kuanzia siku ile sikufanya tena jaribio la breki kwa mazoea, hata siku ambazo abiria walikuwa wakilalamika kwamba tunachelewa. Mwambie mwanafunzi wako kwamba kutembea urefu wa treni nzima kwa miguu, kwenda na kurudi, nako ni sehemu ya kuiendesha.

Mama Njiro (Arusha)

Mzee wangu, shikamoo, na Mwalimu nakusalimu. Maelezo yenu yamenigusa kwa sababu binti yangu, aliye kidato cha nne, ameshikilia kwamba atakuwa dereva wa treni. Baba yake anasema hiyo si kazi ya mtoto wa kike. Mimi nina wasiwasi wa aina nyingine: nasikia treni mpya zinajiendesha, nisije nikamsomesha kazi inayokwisha. Tena nauliza, kwa hapa kwetu anaanzia wapi, na je, ni kweli kwamba madereva huathirika akili kwa sababu ya watu wanaogongwa?

Mwalimu wa Pasua (Moshi)

Mama, ahsante. La baba yake sina jibu refu: mpini hautaki misuli, unataka utulivu na kumbukumbu, na binti anayeshika sheria bila kusukumwa anafaa kuliko mvulana mwenye haraka. Naomba umfikishie kwa heshima.

Kuhusu treni zinazojiendesha, habari hiyo si ngeni kama inavyodhaniwa. Njia ya Victoria ya London ilifunguliwa mwaka 1968 ikiwa na mtambo wa kuendesha treni wenyewe. Dereva alifunga milango, akabonyeza vitufe viwili, treni ikaondoka na kusimama kituo kinachofuata. Miaka zaidi ya 50 imepita na dereva bado yumo. New York nako njia ya L na ya 7 zinaongozwa kwa kompyuta, na dereva bado yumo pia. Zipo njia duniani zisizo na dereva kabisa, siwezi kukuficha, lakini katika nyingine nyingi mtambo umeichukua kazi ya mkono na kumwachia binadamu kazi ya kufikiri: moshi ukionekana handakini, mlango ukigoma, mtu akianguka relini. Mdogo wangu anasema kwamba kosa la hatari kwa dereva wa njia ya kompyuta ni kusahau kuendesha, na kwamba ujuzi wa mkono usipotumiwa hufifia.

La kuathirika ni kweli, na nisingependa binti afichwe. Dereva anaweza kufunga breki kwa haki na kwa wakati, na bado akashuhudia kifo, kwa sababu ya zile mita ambazo hakuna awezaye kuzifuta. Kule kwa mdogo wangu dereva aliyepatwa na jambo hilo huondolewa kwenye mpini na hupewa muda wa kupumzika na mtu wa kuzungumza naye. Mwenzake mmoja hakurudi tena, akahamia kazi ya karakana, na hakuna aliyemcheka.

Kwa hapa kwetu, kuna chuo cha reli Tabora, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam nacho kina masomo ya reli. Atunze fizikia na hisabati zake. Apimwe macho mapema, hasa upande wa rangi, ili asijenge ndoto ya miaka minne juu ya kipimo cha dakika kumi. Reli yetu mpya ni ya umeme wa volti 25,000 unaopita juu, mwendo wa juu ni kilomita 160 kwa saa, na mwendo unaoruhusiwa humwonekea dereva kwenye skrini iliyo mbele yake badala ya kutegemea taa za kando ya njia peke yake. Fanya ile hesabu yetu upya kwa mwendo huo, Mama, na utaona kwa nini skrini ilihitajika. Na handaki asiliogope kwamba ni la New York tu. Treni ya Dodoma hupita kwenye mahandaki eneo la Kilosa.

Mama Njiro (Arusha)

Nimeipiga pamoja naye. Kwa breki ileile tumepata mita 760. Ameinyamazia karatasi kwa muda, kisha akaniuliza kama Mzee angekubali kumfundisha ule mtihani wa kufumba macho.

Mstaafu wa Reli (Moshi)

Marahaba, mama. Mlete likizo ikifika. Atapanda treni ya abiria kutoka Arusha hadi hapa Moshi, mimi nitakaa kando yake, na tutaanza na daraja moja tu. Mwalimu naye aje na yule wa dawati la nyuma, asubuhi mapema, ili tutembee kwanza hadi behewa la mwisho.